Siku Isdori Alipoonyesha Nyeupe

Isdori Kasmir Tenganamba alikuwa mwana wa Kasmir, aliyeendesha lori la misheni ya Kaengesa tangu enzi za magari ya kuwashwa kwa hendeli. Alikuwa mjukuu wa Leonsi Tenganamba, aliyebeba mizigo ya mapadri kichwani kutoka ziwani mpaka Ufipa juu, na inasemekana hakuvunja hata chupa moja ya divai. Na alikuwa kitukuu wa mzee aliyeyeyusha chuma kwenye malungu, zile tanuru ndefu za udongo ambazo mabaki yake bado yamesimama porini na mbuzi wanajikunia migongo. Katika ukoo ule mtu hakusifiwa kwa maneno. Alisifiwa kwa alichobeba na kukifikisha.

Isdori alibeba watu. Miaka thelathini na minane alishika usukani wa basi, barabara ya Tunduma ikiwa bado vumbi kiangazi na uji masika. Wenzake walilala Laela siku mbili wakingoja tope likauke, yeye alifika. Wako akina mama waliojifungua salama kwa sababu Isdori hakusimama njiani, na wako wanaume wazima leo Sumbawanga wanaoitwa Isdori kwa ajili hiyo. Alikuwa na honi yake ya milio mitatu. Ukiisikia na sahani yako bado iko mezani, ujue umeshaachwa. Na katika miaka yote hiyo, mtu asikudanganye, hakugonga hata kuku.

Basi mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia habari ya vibao.

Lami ilipofika barabara ya Matai, Isdori alikuwa ameshastaafu basi. Alibaki na pikapu yake ya kubebea maharage, na mwanawe Leonsi, aliyerithi jina la babu wa baba yake, alikuwa na Probox nyeupe ya kuchukulia migebuka Kasanga. Samaki wa barafu hasubiri mtu. Leonsi alitoka ziwani alfajiri, na saa tatu wanawake wa sokoni Sumbawanga walikuwa wameshajitwisha mabeseni. Walimwita Upepo. Isdori akilisikia jina hilo alijifanya hakusikia, ili walirudie.

Madereva wa barabara ile wana lugha yao ya mikono. Ukiwashiwa taa mara mbili na kidole kikaelekezwa chini, ujue mbele kuna tochi, yaani trafiki amekaa na kile kifaa chake cha kupimia mwendo. Lakini kiganja kikiinuliwa wazi na kusukumwa mbele, hiyo ndiyo nyeupe. Njia nyeupe, hakuna tochi, kanyaga. Isdori ndiye aliyeitoa nyeupe barabara ya Tunduma akaileta ya Matai, akawafundisha vijana, na vijana wakampenda kwa hilo.

Jumapili moja ya mwezi wa tano walikula pamoja nyumbani kwa Isdori, yeye aliyefiwa na mkewe miaka sita nyuma, na wanawe wawili. Leonsi alikuja na mkewe Scola na binti yao Winifrida wa miaka mitano. Hellena, dada mkubwa, alikuja peke yake, macho mekundu. Yeye ni muuguzi wa wodi ya majeruhi.

"Jana tumepokea wengine watatu," alisema kabla hata hajanawa. "Wawili tumewafunika."

"Aliendesha nani?" Isdori akauliza.

"Mtu, baba."

"Mtu gani? Aliyenunua leseni, au anayejua gari?"

Leonsi akacheka. "Dada Hellena, wewe unawaona walioanguka tu. Sisi tunaofika salama hatuji kwako kuomba plasta."

"Mia na arobaini, Leonsi. Kwenye kibao cha hamsini. Wauza samaki wako wenyewe wanajisifia."

"Kibao hakizijui breki zangu. Kile wamewawekea wazee wa baiskeli."

"Wahenga walisema haraka haraka..."

"Hiyo waliitunga watembea kwa miguu," Isdori akamkata kauli. "Mwanangu, nisikilize. Mwendo peke yake haujaua mtu. Anayeua ni uzembe, ulevi, macho mabovu, tairi vipara. Mwendo ni kama kisu. Kisu kiko jikoni kwa Scola kila siku. Umesikia Scola amekatika?"

"Nimekatika mara ngapi, baba!" Scola akasema toka mlangoni, akiinua kidole chenye kitambaa. "Hiki ni cha jana!"

Wakacheka wote, hata Hellena. Kisha akasema, taratibu, "Kisu kikikuponyoka kinaanguka miguuni pako. Mia na arobaini ikikuponyoka inamwangukia nani?"

"Haitamponyoka," alisema Isdori. "Macho yake nimemwekea mimi."

Jumanne ya wiki ya pili ya mwezi wa sita, upepo wa Ufipa ukiwa umenoa meno, Isdori alipakia magunia sita ya maharage na kushika njia ya Matai. Kabla ya Msanzi kuna kijito, na juu ya kijito kuna kilima. Kibao cha hamsini kipo pale, kimechubuliwa rangi kwa mawe ya watoto. Kila asubuhi, saa mbili hivi, Sayi huvusha ng'ombe wake kwenda kunywa.

Sayi ni Msukuma. Alitoka na mifugo yake pande za Kahama miaka ishirini iliyopita, akakaa kwanza chini bondeni upande wa Muze, kisha akapanda juu akitafuta majani. Anasema Kiswahili cha polepole na Kifipa cha kuchekesha, na watoto wake wamesoma na watoto wa Msanzi. Asubuhi ile alikuwa ameshafika ukingoni. Ng'ombe wa mbele, jike jekundu, alikuwa na kwato mbili kwenye lami. Sayi akainua fimbo juu, kama aombavyo njia siku zote.

Isdori akapiga honi yake mara tatu. Jike jekundu akarudi nyuma akitikisa kichwa, na pikapu ikapenya. Sayi akashusha fimbo. Kwenye kioo Isdori aliona kundi linaanza tena kusogea, akasema moyoni, hawa nao, kisha akapandisha kilima.

Kileleni akaiona Probox nyeupe inakuja kwa mbali, inakua upesi kama kitu kinachoanguka. Moyo ukamfurahi, kama unavyomfurahi mzazi amwonapo mtoto wake anafanya vizuri kazi aliyomfundisha. Tochi haikuwepo. Kutoka Sumbawanga mpaka pale hakukuwa na trafiki hata mmoja. Isdori akainua kiganja na kukisukuma mbele.

Leonsi aliona. Alicheka, meno yote nje, akajibu kwa honi ya milio mitatu kama ya baba yake. Wakapishana. Upepo wa gari lile uliitikisa pikapu, na Isdori akatabasamu peke yake kwa kipande kirefu cha njia.

Alikuwa anashusha gunia la nne Matai simu ilipoita. Ni Raymond, dereva mwenziwe Leonsi, kijana wa maneno mengi. Siku hiyo alikuwa na mawili tu.

"Mzee, rudi."

Alipofika, samaki walikuwa wametapakaa barabarani wanang'aa, na wanawake wa Msanzi wamesimama pembeni, hakuna hata mmoja aliyeinama kuokota. Ng'ombe wanne walikuwa chini. Jike jekundu alikuwa bado anahema. Probox ilikuwa kwenye mtaro. Sayi alikuwa amekaa kwenye majani kifua wazi katika baridi ile, kwa sababu shuka lake alikuwa amemfunika Leonsi.

"Mwanangu yuko wapi?" Isdori aliuliza, naye anamwona.

Sayi alisogea, akampa nafasi ya kukaa.

Walimzika Leonsi Alhamisi. Katekista aliongoza rozari, Scola alishikwa na wanawake wawili kila upande, na Winifrida aliuliza mbele ya watu wote kama baba akiamka ataweza kuinua udongo ule. Na udongo haujakauka, likaanza neno.

"Msukuma ndiye aliyemuua."

Lilianzia kwa Loth, mdogo wake Isdori, mtu mwenye sauti kuliko subira. Likapita jikoni, likapita kilabuni, likarudi limenona. Kwamba ng'ombe wa Sayi hawana mchungaji wa maana. Kwamba barabara si zizi. Kwamba siku ya kuanua matanga ukoo utakubaliana, kisha utakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kudai Sayi aondoke na mifugo yake kabla ya mvua. Vijana walikuwa na lao pia, na lao lilihusu kiberiti na maboma ya nyasi.

Isdori alisikia yote akiwa amekaa mkekani, mikono juu ya magoti. Nyeupe yake hakuna aliyeiona. Aliyeionyeshwa amelala chini ya udongo. Akinyamaza, Sayi atafukuzwa, pengine atachomewa, na yeye Isdori atabaki yule yule asiyegonga hata kuku. Akisema, atakuwa baba aliyemwonyesha mwanawe njia ya kaburini kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya kwanza alinyamaza. Ya pili akanyamaza. Alijiambia, sikusema uongo, tochi haikuwepo kweli. Neno hilo halikumpa usingizi.

Asubuhi ya siku ya mwisho kabla ya matanga, aliwasha pikapu bila kumwambia mtu akaenda Msanzi. Akasimama kileleni. Akashuka, akatembea kwa hatua za kawaida mpaka pale lami ilipobaki na doa. Hatua mia moja na ishirini. Alama nyeusi za matairi ya Leonsi zilianzia hatua ya hamsini na tano, zikanyooka bila kuyumba mpaka mwisho. Alizitazama sana alama zile. Ni za mtu aliyekanyaga breki kwa nguvu zote, akashika usukani sawasawa, kama alivyofundishwa.

Akarudi kwenye gari. Akarudi nyuma kidogo upande wa Matai, akaja kwa hamsini kama alivyokuja Leonsi, na kileleni pale pale akakanyaga breki. Akashuka, akahesabu. Ilisimama hatua ya arobaini. Akaweka jiwe. Akarudi, akaja kwa themanini. Ikaburuzika, ikalia, ikasimama hatua ya themanini na mbili. Akaweka jiwe la pili. Akapanda tena kilima mara ya tatu, akakaa ndani ya gari na injini inaunguruma, asiweze kwenda.

Sayi alikuwa amesimama kwenye majani anamwangalia. Akaja mpaka dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sayi."

"Unatafuta nini?"

"Natafuta kosa la mwanangu."

Sayi alifikiri. "Mimi nilimwona uso, mzee. Hakuwa amelala. Hakuwa na simu mkononi. Alituona mara tu alipotokea hapo juu. Alikanyaga. Mimi nimekaa na barabara hii tangu ikiwa vumbi, nawajua madereva. Yule alikuwa dereva."

Afadhali angemtukana. Isdori aliinamisha paji la uso kwenye usukani, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile, kwa sauti, kama wanavyolia wanawake, na Sayi akasimama pale mkono wake juu ya mlango mpaka alipomaliza.

"Watakuja kwako," Isdori alisema. "Ndugu zangu."

"Najua, mzee. Mke wangu ameshafunga vyombo."

"Mwambie afungue."

Siku ya matanga uani palijaa. Loth alisimama kabla hata watu hawajamaliza ugali wa ulezi.

"Kaka, sisi tumeshakubaliana. Kesho asubuhi kwa mwenyekiti. Msukuma atoke na ng'ombe wake. Asipotoka, vijana wanajua la kufanya."

"Aliyemuua mume wangu anakunywa maziwa," Scola alisema. Hakuwa anapiga kelele. "Mimi mwanangu ananiuliza maswali."

"Loth, kaa chini," akasema Isdori.

"Kaka, huu ni wakati wa..."

"Kaa, nimesema. Mimi ndiye mkubwa wako."

Loth akakaa. Isdori akasimama, na wale waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba aliinuka kama mtu anayeinua mzigo kutoka chini.

"Jumanne ile mimi nilipita pale kabla ya Leonsi. Ng'ombe niliwaona. Yule wa mbele alikuwa tayari na kwato kwenye lami, na Sayi alikuwa ameinua fimbo. Ilikuwa haki yake kuvuka. Nikampigia honi, nikapenya. Nilipofika juu nikakutana na mwanangu. Nikamwonyesha hivi."

Akainua kiganja, akakisukuma mbele. Raymond na madereva wengine watatu waliokuwa kwenye benchi wakainamisha vichwa. Wanawake wengi hawakuelewa. Scola alielewa, yeye mke wa dereva.

"Nyeupe?" alisema.

"Nyeupe."

"Ulimwambia nyeupe, baba?"

"Tochi haikuwepo, mwanangu."

"Sijakuuliza tochi."

Loth ndiye aliyejaribu kumwokoa kaka yake. "Basi, kaka, usijibebeshe. Ajali haina kinga. Imeandikwa."

"Kinga ilikuwepo, Loth. Nimeipima kwa miguu yangu jana. Ukija kwa hamsini unasimama hatua ya arobaini, zinabaki themanini. Ungemkuta Leonsi amesimama pale anamtukana Sayi, na Sayi anamwambia, pole, kijana, na jioni tungecheka. Hata kwa themanini bado unasimama."

"Na kwa mia na arobaini, mzee?" Raymond aliuliza, polepole.

"Hiyo imeshapimwa."

Akageuka upande wa Hellena, aliyekuwa amekaa na wanawake huku amejifunika kanga mpaka puani. "Mimi nilikuwa nasema mwendo hauui, kinachoua ni uzembe. Nimetafuta uzembe wa mwanangu barabara nzima. Breki mpya. Tairi mpya. Lami kavu. Macho mazima. Mikono mizuri, mikono niliyoifundisha mimi. Hakukosea kitu isipokuwa kimoja, na hicho ndicho nilichomsifia. Kwa mwendo ule ubora wote aliokuwa nao haukupata mahali pa kukaa. Mimi miaka thelathini na minane sikuwa fundi kama mlivyosema. Nilibahatika. Sikuwahi kufika kileleni ng'ombe wakiwa upande wa pili, basi."

Hakuna aliyekwenda kwa mwenyekiti. Mke wa Sayi alifungua vyombo. Vijana walitawanyika, wengine wakiona haya, wengine wakinung'unika kwamba mzee amechanganyikiwa kwa uchungu. Kesho yake Scola alifunga nguo zake na za Winifrida kwenda kwao Kaengesa. Aliwaaga wote uani kwa mkono, mmoja mmoja. Kwa Isdori alipita. Mtoto aligeuka akampungia babu yake kiganja, akijua ni kwaheri tu, na Isdori akashindwa kukirudisha.

Hakuendesha tena. Pikapu aliiacha kwenye ua, kuku wakaanza kutaga ndani. Stendi hawakumpigia tena honi za heshima alipopita kwa miguu; hawakumchukia, hawakujua tu wamwangalie vipi. Na nyeupe bado wanaionyesha. Ukipita barabara ya Matai leo utaiona. Raymond peke yake ameacha, na wenzake wanamwita Mlokole.

Mwaka uliofuata, mvua zikikaribia kwisha, kifua kilimbana Isdori. Hellena alikuja kila jioni akitoka kazini, anamkanda mgongo, anampikia uji. Jioni moja alimkuta ameketi kitandani, amejifunga koti, anamngoja.

"Hellena. Siku ile hukuniambia, 'nilikwambia.'"

"Afadhali ningekuwa mimi ndiye niliyekosea, baba. Ningekuwa mjinga maisha yangu yote, mniite mjinga kila Jumapili mezani."

Isdori akamshika mkono. Walikaa hivyo mpaka kikohozi kikapita.

"Winifrida atakua," Isdori alisema. "Scola ana haki yake, simlaumu. Lakini watu watamdanganya mtoto. Ukoo huu unapenda sifa. Watamwambia baba yake aliitwa Upepo, aliuawa na ng'ombe wa Msukuma, na babu yake hakugonga hata kuku. Naye ana damu yetu. Atataka usukani."

"Atataka," alisema Hellena. "Ameshaanza kuendesha kiti."

"Siku atakapokwambia anataka leseni, usimkataze. Mpeleke Msanzi. Mwende asubuhi, saa mbili, ng'ombe wanapokunywa. Umsalimie Sayi kwanza, au mwanawe kama Sayi hayupo. Kisha msimame juu kileleni, umwambie yote niliyosema siku ya matanga, usipunguze langu hata moja. Umwonyeshe mkono ulivyoinuliwa. Halafu mshuke kwa miguu, hatua kwa hatua, mpaka pale chini."

"Nitahesabu naye, baba."

"Hapana. Wewe nyamaza. Mwache ahesabu mwenyewe."